Kiti Kitupu cha Mbele ni cha Nani?

Binamu yangu hufanya kazi kaunta ya abiria ya shirika moja la ndege huko Ghuba. Kila anapokuja nyumbani hubeba begi moja la mkononi, basi, na huvaa viatu vya ngozi vilivyong'arishwa hata kama ndege inaondoka saa tisa usiku. Begi ni moja kwa sababu hajui kama ataondoka leo au keshokutwa. Viatu ni kwa sababu akibahatika kukalishwa mbele, kanuni za kazini kwake hazitaki aonekane kama mtu aliyekurupuka kitandani.

Safari yake ya mwisho alikuwa anawahi arobaini ya shangazi yetu. Alikaa uwanjani siku mbili. Ndege tatu ziliondoka zimejaa pomoni, ya nne ikampa kiti, tena cha daraja la biashara, kile kinachokunjuka kikawa kitanda. Alikuwa anafunga mkanda pale mzee mmoja aliyekuwa akielekea nyuma aliposimama kwenye ujia na kumtazama. Akamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kiti umekinunua?"

Binamu alikosa la kusema. Kanuni zinamkataza kuzungumzia nauli yake mbele ya abiria, na kusema uongo hakutaka. Mzee akainua begi lake, akaonyesha kadi ya dhahabu ya wasafiri wa mara kwa mara, iliyoning'inia kwenye mshikio. "Mimi nawalipa hawa watu kila mwezi. Pale kaunta nimeambiwa huku mbele kumejaa." Foleni ikamsukuma, akaenda zake. Binamu hakupata usingizi safari nzima, na kitanda anacho.

Tangu aliponisimulia, swali la yule mzee halijanitoka. Nimewahi kuwa upande wake: naruka mara nyingi kwa kazi, na najua uchungu wa kupita katikati ya viti vipana vitupu ukielekea safu ya 31. Na ndugu yangu yuko upande wa pili. Nilipoanza kulichambua nikagundua kwamba watu wanaogombana kuhusu kiti kitupu hawazungumzii kiti kimoja. Kila mmoja ana chake kichwani, na sheria za kila kimoja ni tofauti.

Samaki wa jioni

Tuanze na kiti chenyewe. Kwa mwenye shirika, kiti cha ndege ni kama samaki wa Feri pale Dar es Salaam. Alfajiri ana bei, mchana bado ana bei, jioni anaanza kulegea macho. Tofauti ni kwamba samaki unaweza kumkaanga ukamuuza kesho. Kiti mlango ukishafungwa kimekufa, na hakuna barafu ya kukihifadhi.

Mtu wa kawaida akisikia hivyo husema: basi kigaweni kabla hakijafa, nani atadhurika? Fikiria mchuuzi ambaye kila siku ikifika magharibi huwagawia samaki waliobaki wale waliokaa na vikapu pembeni. Siku ya kwanza ni ukarimu. Baada ya mwezi mmoja wateja wake wa alfajiri nao wanakuja magharibi na vikapu. Ndiyo maana mashirika mengi ya Ulaya, Ghuba na Afrika yako radhi kuruka na viti vinane vitupu mbele kuliko kuwapandisha daraja wenye kadi bila malipo. Hayahesabu hasara ya viti vinane vya leo. Yanamhesabu mkurugenzi wa kampuni ambaye hununua tiketi ya biashara mara kumi kwa mwaka, na ambaye akijua kadi yake itamfikisha mbele bure ataanza kununua ya nyuma.

Kwa hiyo kiti huuzwa mpaka dakika ya mwisho, na njia za kukiuza zimeongezeka. Utaletewa barua pepe siku chache kabla ya safari ukiambiwa utaje bei uliyo tayari kuongeza, kama mnada. Utaulizwa kwenye simu wakati unathibitisha safari. Utaulizwa tena kaunta. Shirika linalofanya hivi kwa bidii hubakiwa na viti vichache mno vya kugawa, na hivyo vichache vyenyewe si vyote vitupu kwa maana unayoidhania.

Kuna kiti ambacho abiria wa nyuma anakiona kitupu kumbe kina mwenyewe. Katika safari ndefu marubani hupishana kupumzika. Kanuni za Marekani zilizoanza kutumika mwaka 2014 zimeyapanga mapumziko hayo kwa madaraja: kitanda kilichotengwa, kiti kinacholala kabisa au karibu kabisa chenye pazia, au kiti kinachoegemea kwa kiwango maalumu. Ndege isiyo na chumba cha vitanda hulazimika kukitenga kiti cha mbele kwa rubani, na shirika haliruhusiwi kukiuza hata kama kuna mtu mwenye pesa taslimu. Kuna kiti kilichoharibika ambacho hakiegemei. Na kuna suala la chakula, linaloonekana dogo lakini wahudumu hulijua vizuri: milo ya mbele hupakiwa kwa idadi, na mtu aliyepandishwa dakika tano kabla ya mlango kufungwa anaweza kukalia kiti cha kifahari akaletewa sinia la nyuma.

Halafu kuna kupandishwa kwa dharura ya shirika lenyewe. Mashirika huuza tiketi za nyuma kupita viti vilivyopo kwa sababu kila siku kuna wasiotokea. Siku ambayo wote wametokea, tuseme Desemba, kila mtu anarudi nyumbani na maboksi, lazima watu kadhaa wasogezwe mbele ili wengine wapate pa kukaa. Hapo kadi ya dhahabu hufanya kazi hata kwa shirika lisilo na utaratibu wa kupandisha watu bure, kwa kuwa wanaosogezwa kwanza kwa kawaida ni wenye ngazi ya juu, yaani cheo ambacho shirika humpa msafiri wake mwaminifu. Wengi waliowahi "kubahatika" kwenye mashirika yetu walibahatika kwa njia hii. Hawakuzawadiwa, walihamishwa ili kutatua tatizo la nyuma. Nadhani hapa ndipo wenye kadi wengi hupotoshwa: wakipata mara moja wanaamini ni haki ya kadi, na safari inayofuata wanahisi wameibiwa.

Nchi ambako ahadi iliandikwa

Ugomvi wa mfanyakazi na mteja mwaminifu una makali zaidi Marekani kuliko mahali pengine, na sababu ni ya kihistoria. Mwaka 1978 serikali iliacha kupanga nauli na njia za ndege za ndani. Mashirika yakaanza kunyang'anyana abiria kwa bei, na abiria akawa mtu wa kuhamahama. Tarehe 1 Mei 1981 American Airlines ikazindua AAdvantage, mpango wa kukusanya maili na kulipwa kwa safari, na United ikajibu ndani ya siku chache. Baadaye mashirika makubwa ya huko yakaongeza jambo ambalo sehemu nyingine za dunia halijashika mizizi: msafiri mwenye ngazi, katika safari za ndani, hupandishwa daraja bila kulipa kama kuna nafasi. Ahadi hii imeandikwa kwenye masharti ya mpango, kwa utaratibu na saa zake. Kwa American, wa ngazi ya juu huanza kufikiriwa saa 100 kabla ya safari, na wa ngazi ya chini saa 24.

Ukiwa umeketi langoni kwenye uwanja wa Atlanta au Chicago, utaona skrini juu ya kaunta ina orodha mbili. Moja ni ya wanaosubiri kupandishwa, nyingine ni ya wanaosubiri kiti chochote kile. Majina yamekatwa, herufi tatu za jina la ukoo na moja ya jina la kwanza. Watu husimama mbele ya skrini hiyo kama wazazi mbele ya ubao wa matokeo ya mtihani. Namba 3 kati ya 41. Namba 17 kati ya 41. Viti vilivyobaki: 2.

Mbona vimebaki viwili tu? Chukua Boeing 737-900ER ya Delta, yenye viti 180, 20 kati yake vya daraja la kwanza. Wakuu wa Delta wamekuwa wakiwaeleza wawekezaji wao kwamba zamani viti vya daraja la kwanza vilivyolipiwa vilikuwa sehemu ndogo sana na vingine vyote viligawiwa, na kwamba katika miaka ya karibuni takribani vitatu katika kila vinne huuzwa. Kwa ndege hiyo ni kama viti 15, vinabaki 5. Orodha ya wanaovingoja nayo imerefuka, kwa sababu ngazi haipatikani tena kwa kuruka peke yake. Kadi za mkopo zenye nembo ya shirika humsogezea mtu pointi kila anaponunua mafuta ya gari au vyakula vya nyumbani. Kwa mwaka 2024 Delta ilipokea zaidi ya dola bilioni 7 kutoka American Express kwa ushirikiano wa kadi hizo. Mwaka 2021, ndege zikiwa bado hazijapona na janga la korona, American ilikopa dola bilioni 10 na dhamana ilikuwa mpango wake wa maili. Uaminifu wa abiria ulikuwa umeshakuwa mali ya kupeleka benki.

Sasa angalia kinachompata yule namba 17. Amesubiri siku nne akitumaini. Asubuhi ya safari, abiria asiye na ngazi yoyote amefungua programu ya shirika kwenye simu, ameona anaweza kuhamia mbele kwa kuongeza dola kadhaa, amebonyeza, kimekwenda. Kingine hivyo hivyo. Jioni namba 17 anapanda na kumkuta mfanyakazi wa shirika amekaa safu ya 30 kiti cha katikati, au mara moja moja amekaa mbele, na hasira zake zote zinamwangukia huyo anayemwona. Aliyekinunua kiti kwa simu hana alama usoni.

Kwa utaratibu ulioandikwa wa mashirika hayo makubwa, katika safari za ndani mfanyakazi aliye likizoni huja baada ya orodha ya wenye ngazi kumalizwa. Akipata kiti cha mbele, ni kwa sababu orodha ile imekwisha au karani wa langoni amebanwa na muda akafunga ndege haraka. Hili la pili hutokea, na abiria aliyerukwa hivyo ana haki ya kulalamika.

Moto wenyewe uko kwenye safari za kuvuka bahari. Huko ile ahadi ya kupandishwa bure, kwa jumla, haipo. Mwenye ngazi anahitaji vocha maalumu, au maili, au pesa. Asipokuwa navyo, kadi yake haimfikishi mbele hata kama kuna viti kumi vimelala wazi. Mfanyakazi wa shirika lenyewe naye ana ahadi yake kwenye kanuni za usafiri wa wafanyakazi: kikibaki kiti mbele, apewe. Ndipo inapotokea picha inayochoma: mtu aliyelipa nauli ya nyuma miaka yote anapita na begi lake, na kijana wa ofisi ya mizigo amenyoosha miguu na ameshikilia glasi ya juisi. Wote wawili wamepewa kilichoandikwa kwenye karatasi zao. Karatasi ya abiria haikuwa na kiti hicho.

Mshahara unaopaa

Watu wengi huita usafiri wa wafanyakazi "bure". Konda wa daladala hamtozi nauli konda mwenzake. Mwenzake husema tu "stafu" na mambo yanaisha. Lakini stafu hamwinui abiria aliyelipa. Gari likijaa, huning'inia mlangoni au husubiri lingine. Kwenye ndege hakuna kuning'inia, kwa hiyo husubiri lingine, na hiyo ndiyo bei yake halisi.

Tiketi zao zina lugha yake. R1 ni ya mfanyakazi aliyewekewa nafasi kabisa. R2 ni ya kusubiri, anapanda kama kuna nafasi. ID90 ni tiketi iliyopunguzwa asilimia 90. Kati ya shirika na shirika kuna mkataba unaoitwa ZED, ambao nauli ya mfanyakazi hupangwa kwa kanda za umbali, ndiyo maana binamu yangu anaweza kutumia ndege za wengine pale za kwao zinapojaa. Wanaosubiri nao wana foleni yao. Delta na United hufuata miaka ya kazi. American hufuata nani amethibitisha safari mapema. Mhudumu mwenye mwaka mmoja kazini, siku ya sikukuu, kwenye shirika la kufuata miaka ya kazi, huzitazama ndege zikiondoka kama mtu anayeangalia mvua dirishani.

Kinachonivutia zaidi ni sheria ya kodi ya Marekani. Kwa kawaida mwajiri akikupa kitu chenye thamani, serikali hukihesabu kama mshahara na kukitoza kodi. Kifungu cha 132, kilichopitishwa mwaka 1984, kilitoa msamaha kwa huduma ambayo mwajiri huiuza kwa wateja wake na kumpa mfanyakazi bila kuingia gharama ya maana, na katika hesabu hiyo mapato yaliyopotea nayo ni gharama. Maana yake ni nzito. Msamaha unasimama pale tu kiti ambacho mfanyakazi amekalia kilikuwa hakiuziki tena. Shirika likianza kumtengea kiti ambacho mteja angekilipia, msamaha unaanguka. Sheria hiyo hiyo, kwa upande wa ndege, inawataja hata wazazi wa mfanyakazi kuwa wanufaika. Kwa maneno mengine, mkusanya kodi ndiye aliyemweka mfanyakazi nyuma ya foleni, na akamwachia alichokikuta huko nyuma.

Kwamba kiti hicho ni sehemu ya ujira, si hisani ya bosi, ilionekana wazi Uingereza. Machi 2010 wahudumu wa British Airways waligoma. Shirika, chini ya mkurugenzi wake mkuu Willie Walsh, likawanyang'anya waliogoma punguzo lao la usafiri, likisema ni upendeleo ambao halikuwajibika kuutoa. Wengine walikuwa wakiishi mbali na London na kuruka kwenda kazini. Kwao tiketi hiyo ilikuwa nauli ya kila wiki. Mambo yaliyoanzisha mgomo yalikuwa mengine kabisa, idadi ya wahudumu na masharti ya kazi, lakini kurudishwa kwa tiketi kukawa moja ya mafundo yaliyochelewesha suluhu mpaka mwaka 2011. Zilirudishwa. Kama zingekuwa hisani tupu, nani angezigombea mwaka mzima?

Na haziji bila masharti. Machi 2017 wasichana wawili waliokuwa wanasafiri kwa tiketi za familia ya mfanyakazi wa United, kutoka Denver kwenda Minneapolis, walizuiwa langoni kwa sababu ya suruali za kubana. Abiria aliyelipa angevaa hivyo hivyo na kupita. Dunia ilicheka na kukasirika kwa zamu, lakini kwa watu wa mashirika hiyo ilikuwa kanuni wanayoishi nayo: ukikalia kiti cha kazi, uko kazini nusu.

Mfanyakazi asiye likizoni

Wiki mbili baada ya hapo likatokea lile ambalo mpaka leo hutajwa kila mjadala huu unapozuka, na mara nyingi hutajwa vibaya. Tarehe 9 Aprili 2017, uwanja wa O'Hare wa Chicago, abiria wa ndege namba 3411 iliyoruka kwa jina la United Express kwenda Louisville walikuwa wameshakaa. Wakatokea wafanyakazi wanne wa shirika lililokuwa likiiendesha ndege hiyo. Walihitajika Louisville kwa ajili ya safari nyingine. Zikatolewa ahadi za fidia mpaka dola 800, hakuna aliyekubali. Wakachaguliwa wanne washuke. Mmoja, daktari, akakataa, akaburutwa na maafisa wa usalama wa uwanja mbele ya simu za abiria wenzake, mdomo ukitoka damu.

Wengi hulikumbuka kama kisa cha wafanyakazi kuwanyang'anya abiria viti. Lakini wale wanne hawakuwa na R2 mkononi. Walikuwa wametumwa, na bila wao ndege nyingine yenye abiria wake ingekwama. Anayesafiri kwa kutumwa hutangulia karibu kila mtu, na lazima iwe hivyo. Kosa lilikuwa kuwakumbuka baada ya watu kufunga mikanda, na kuthamini kiti cha mtu kwa dola 800 halafu kwa nguvu. United yenyewe iliamua baadaye kwamba wafanyakazi wa namna hiyo waandikishwe angalau saa moja kabla ya ndege kuondoka, na ikapandisha fidia ya juu kabisa mpaka dola 10,000. Mwaka 2018 sheria ya Marekani ikapiga marufuku kumshusha abiria aliyekwisha kupokewa langoni kwa sababu tu ya kuuzwa tiketi kupita viti. Ukimwona rubani mwenye sare amekaa mbele nawe uko nyuma, kuna uwezekano mkubwa ni wa namna hii, na anaposinzia pale anasinzia kwa ajili ya abiria wa kesho asubuhi.

Kwetu viti ni vichache zaidi

Mashirika ya ukanda wetu hayana utaratibu wa Kimarekani wa kupandisha wenye kadi kila safari. Na viti vyenyewe ni vichache. Boeing 787 ya Kenya Airways, ile inayokwenda New York tangu Oktoba 2018, ina viti 234 na 30 tu ni vya biashara. Ya Air Tanzania ina 262, vya biashara 22. Airbus A220 ya Air Tanzania ina 12 kati ya 132. Ukiondoa vilivyouzwa, vya waliotumwa, na vya waliosogezwa kwa sababu nyuma kumezidi, hapo unagombania viti vitatu au vinne. Katika mashirika yenye mpango wa pointi, njia iliyo wazi ya kufika mbele ni kutumia pointi hizo au kulipa tofauti mapema. Kusimama kaunta na kadi na tabasamu ni kubahatisha.

Msimamo wangu mimi ni huu. Ahadi ni deni, na deni lililoandikwa hulipwa kabla ya fadhila. Pale ambapo shirika limemwandikia msafiri kwamba atapandishwa nafasi ikiwapo, msafiri huyo alipwe kwanza, mpaka jina la mwisho kwenye orodha, na karani asifunge ndege kabla ya kuimaliza. Pale ambapo halikuandika, kiti kilichobaki ni cha mfanyakazi, kwa kuwa yeye ameshakilipia kwa zamu za usiku na mshahara ambao mara nyingi mwajiri aliupanga akijua kuna tiketi. Kukiacha kitupu ili tu abiria wa nyuma asikasirike hakumpi abiria huyo chochote. Lakini mfanyakazi wa likizo asimwinue mtu aliyelipa, wala asikae mbele wakati abiria aliyelipia mbele amerudishwa nyuma kwa sababu kiti chake ni kibovu.

Zaidi ya hapo, vita vya panzi furaha ya kunguru. Msafiri akimlaumu mhudumu, na mhudumu akimwona msafiri ni mtu wa kujisikia, hakuna anayeuliza kwa nini shirika linaendelea kutoa ngazi kwa maelfu zaidi huku likijua viti vya kuwapandisha havipo. Ngazi inayouzwa pamoja na kadi ya mkopo ni ahadi. Anayeitoa anajua kwa hesabu zake za kila siku ni mara ngapi ataitimiza, na angeweza kumwambia mteja kabla hajalipa ada ya kadi.

Nilimwuliza binamu kuhusu lile neno la mzee, kwamba aliambiwa mbele kumejaa. Alinyamaza kidogo kwenye simu. Akasema, "Kaka, hata sisi tunasema hivyo. Ni fupi. Foleni ni ndefu, mtu ana kadi, ukimweleza kirefu anataka msimamizi." Mzee yule hakukasirishwa na binamu yangu. Alikuwa ameambiwa uongo dakika 40 kabla, na kiti cha mbele kikawa ushahidi.

Siku hizi, anasema, abiria mwenye kadi akimwuliza, humgeuzia skrini kidogo. "Mzee, mbele kuna viti vitano. Kadi yako inakupa chumba cha mapumziko na kilo za ziada, haikupi kiti hicho. Ukitaka, leo bei ya kuongeza ni hii, au pointi hizi. Usipotaka, vikibaki watapewa wafanyakazi wanaosubiri." Wengine hukasirika, wengine hulipa. Wengi huitazama ile bei, hutikisa kichwa, huchukua pasi yao ya safu ya 31, na humwambia asante.